Nyangezi: Bami, Mapadri na Udongo wa Bushi

Magari makubwa yanayotoka Bukavu kwenda Uvira bila kuvuka mpaka wa Rwanda hupitia Nyangezi. Baada ya hapo huanza kuteremka Ngomo, ule mteremko ambao madereva wa Kivu ya Kusini huutaja kwa sauti ya mtu anayemtaja mdeni sugu, mpaka yafike Kamanyola na uwanda wa Ruzizi. Mwenye haraka na mwenye pasipoti hukata kona ya Rwanda kwa sababu ya lami. Kwa hiyo wageni wengi waliokaa Bukavu miaka na miaka hawajawahi kuiona Nyangezi, ingawa parokia ya kwanza ya eneo ambalo leo ni jimbo kuu la Bukavu ilianzishwa huko na si kando ya ziwa. Mwaka ulikuwa 1906. Wakati huo Bukavu yenyewe haikuwa mji.

Kwa nini Nyangezi? Swali hili hujibiwa kwa njia mbili, na zote mbili zimekwisha chakaa. Katika hotuba za yubile tunaambiwa kwamba nuru ilifika mlimani na giza likakimbia. Katika mabaraza ya wasomi tunaambiwa kwamba mapadri walikuwa mkono wa kushoto wa serikali ya kikoloni, basi. Jibu la kwanza linafanya kana kwamba watu wa Bushi, yaani nchi ya Bashi, hawakuwa na dini kabla ya hapo, na la pili linafanya kana kwamba hawakuwa na akili ya kuchagua. Mimi naona urithi wa dini wa milima hii hausomeki vizuri bila kutazama mambo mawili ambayo hotuba hizo hupita mbio: mpaka na ardhi.

Bushi haikuwa ufalme mmoja. Palikuwa na Kabare, na Ngweshe iliyojitenga nayo, na Kaziba, Luhwinja, Burhinyi na Ninja. Na palikuwa na Karhongo, himaya ndogo ya Nyangezi, ambayo leo ni grupema ndani ya sheferi ya Ngweshe, teritwari ya Walungu. Mapokeo ya nyumba kadhaa za kifalme yanarudi kwa Nalwindi, babu wa Lwindi, huko kusini magharibi kunakoanza msitu. Wanahistoria kama Bishikwabo Chubaka na Richard Sigwalt wamezitandua hadithi hizo kwa subira, na kabla yao padri Paul Masson alitoa kitabu kizima juu ya karne tatu za Bashi mwaka 1960. Katika kazi hizo ufalme na ibada havionekani kama vitu viwili. Mwami, kwa wingi bami, hakuwa mtawala tu, alikuwa sharti la mvua na la mbegu. Wazee wa ibada walioitwa bajinji ndio waliomsimika na kutunza siri za kiti. Katika sherehe ya mubande, ambapo mwaka wa kilimo ulifunguliwa, uhalali wa mwami ulipimwa upya mbele ya watu wake. Asiyekuwa na mwami hakuwa na kalenda.

Juu ya yote alikuwapo Mungu, Nyamuzinda au Nnamahanga, aliye mbali, asiyejengewa kibanda. Karibu zaidi ilikuwapo mizimu ya ukoo, iliyopewa pombe na kuombwa radhi mtoto anapougua. Na katikati alikuwapo Lyangombe. Huyu ni yule mwindaji shujaa anayejulikana pia Rwanda na Burundi, aliyechomwa pembe na nyati akafia chini ya mti wa maua mekundu ambao Wanyarwanda huuita umuko. Waliomfuata waliingizwa kwa hatua, wakapewa wazazi wa kiibada na jina jipya, wakaapishwa kutunza siri. Ibada yake ilivuka mipaka ya ukoo na hata ya ufalme. Mtu wa Kabare na mtu wa Nyangezi waliweza kuwa ndugu ndani yake, hata bami wao walipokuwa hawapikiki chungu kimoja.

Mambo haya si mapambo ya utangulizi. Dini iliyokuja baadaye ilikuta nafasi zimeshapangwa: Mungu wa mbali asiye na hekalu, mamlaka ya kidini mikononi mwa mfalme, na undugu wa hiari unaoingiwa kwa mafundisho ya siri. Ukristo wa Nyangezi ulichukua ya kwanza bila ugomvi, ukagombana na ya pili, na ya tatu ukaichukia kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyofanana nao zaidi.

Tuje kwenye mpaka. Miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890, watu wa Rumaliza, yaani mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, waliotokea Ujiji, walisumbua ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika na uwanda wa Ruzizi. Milima ya Bushi haikuingia mikononi mwao. Matokeo yake tunayaona mpaka leo. Uvira na Kasongo zina historia ndefu ya Uislamu, lakini Nyangezi Kiswahili hakikufika kikiwa na msahafu. Kilifika pamoja na askari na mapadri. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar atashangaa kidogo, kwani kwake lugha hii imeota pembeni mwa msikiti.

Kisha mwaka 1897 safari ya kijeshi ya Dhanis, afisa wa Dola Huru la Kongo, ikavunjika kwa maasi ya askari wake, na mabaki ya waasi yakatanda Kivu hadi mwaka 1900. Wajerumani wakaitumia nafasi hiyo kudai Ruzizi na ziwa. Kwa miaka zaidi ya kumi haikujulikana kama milima hii ni ya Leopold II au ya Kaisari. Mkataba wa kuipasua ulipatikana mwaka 1910 tu. Wakati huohuo Kabare na Ngweshe walikuwa wanawakataa Wazungu kwa silaha na kwa ukimya. Njangu Canda-Ciri, aliyeandika juu ya upinzani huo, anauhesabu kuanzia mwaka 1900 hadi 1920.

Sasa mtu aitazame ramani. Mwaka 1906 Mapadri Weupe, wakiwa chini ya askofu Victor Roelens aliyekaa Baudouinville huko Tanganyika, wanatafuta mahali pa kuanzia Bushi. Kwa wafalme wakubwa wawili milango ni mizito. Kusini mashariki kuna mpaka usiotulia, ambako serikali ya Leopold inahitaji Wabelgiji waonekane wamekaa, tena Wabelgiji hasa, kwani tangu enzi za Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, ilikubaliwa kwamba vikarieti ya Kongo ya Juu iwe ya wamisionari wa taifa hilo. Himaya ndogo, isiyo na nguvu ya kuwafukuza na yenye sababu ya kutaka rafiki dhidi ya majirani wakubwa, ilikuwa mahali panapofaa. Siwezi kuingia moyoni mwa wazee wa Karhongo wa wakati ule, lakini nadhani waliona mbali kuliko tunavyowapa sifa. Himaya ndogo iliyobanwa na wakubwa huwa inajua thamani ya mgeni mwenye bunduki nyuma yake.

Misheni ikaitwa Thielt-Saint-Pierre, Tielt ukiwa mji wa Flanders. Ndiyo ilikuwa desturi ya Wabelgiji wakati ule, kuyapa makao ya milimani majina ya miji ya kwao. Jina hilo leo linabaki kwenye karatasi. Watu wanasema Nyangezi.

Na hapa ndipo ardhi inapoingia. Tarehe 26 Mei 1906, mwaka uleule, Dola Huru la Kongo na Vatikani zilitiliana sahihi mkataba: kila makao ya misheni yatapewa hekta 100, au 200 pale itakapobidi, bure na kwa kudumu, na misheni kwa upande wake itafungua shule za kilimo na ufundi. Mkataba uliandikwa kana kwamba ardhi hiyo haina mwenyewe. Bushi ilikuwa na mkataba wake wa ardhi, kalinzi. Mtu alimpelekea mwenye milki ng'ombe au kitu kingine cha thamani, akapewa shamba, na tangu siku hiyo wawili hao wakafungamana: mpewaji ana haki ya kukaa na kurithisha, mtoaji ana haki ya kuheshimiwa na kukumbukwa. Kalinzi haiishi shamba linapokabidhiwa. Kwa upande wa padri, hekta zile zilikuwa mali iliyopimwa na kuandikishwa. Kwa mwenyeji, mgeni amepewa mahali pa kukaa, kwa hiyo amekuwa mtu wa hapa na ana deni la uhusiano. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, ila kila mmoja aliondoka na mkataba tofauti kichwani. Ugomvi mwingi wa viwanja vya parokia katika Kivu, ambao magazeti huueleza kama tamaa ya wanakijiji au kiburi cha mapadri, unaanzia hapo.

Kazi ya imani yenyewe ilikwenda polepole, na polepole hiyo ilikusudiwa. Lavigerie aliwaamuru wamisionari wake wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka 4 ya maandalizi, miwili akiwa mwombaji na miwili akiwa mkatekumeni. Mtu alivaa medali, akahudhuria mafundisho, akachunguzwa tabia, akapata msimamizi, mwishowe akapewa jina jipya. Aliyewahi kuingizwa kwa Lyangombe angeona njia hii anaifahamu. Labda ndiyo sababu mapadri hawakuwa na huruma na Lyangombe hata kidogo. Nyamuzinda walimkaribisha kanisani, na mpaka leo katika Kimashi, lugha ya Bashi, Mungu anaombwa kwa jina hilo la urithi. Lyangombe walimweka upande wa shetani, na mkatekumeni aliyeonekana kwenye ibada zake alirudishwa nyuma.

Vita vya 1914 vilifika karibu. Septemba mwaka huo Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi, na Ruzizi ikawa mstari wa mbele. Aliyelipa gharama ni mpagazi, kama kawaida. Baada ya vita Wapentekoste kutoka Norwei na Sweden waliingia milimani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wanorwei wakakaa Kaziba, mwendo mfupi kutoka Nyangezi, Waswidi wakashika upande wa Uvira na Lemera. Serikali ya kikoloni iliwapa Wakatoliki ruzuku za shule tangu katikati ya miaka ya 1920 kwa hoja kwamba wao ni misheni ya kitaifa, na Waprotestanti wakasubiri hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo kuna mgawanyo ambao mtu wa Kivu ya Kusini anaujua bila kufundishwa: aliyetaka diploma alipita kwa mapadri na mafurere, yaani mabruda, na sifa ya hospitali ikachukuliwa na Kaziba na Lemera. Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alifanya kazi Lemera, na Hospitali ya Panzi imetoka katika mkondo huohuo.

Kati ya Julai na Septemba 1931 Bushi ilitikisika. Alitokea mtu aliyeitwa Binji-Binji, akawakusanya watu kwa maneno ya kidini na kwa ahadi kwamba utawala wa Wazungu una mwisho. Maafisa waliliona jambo hilo kuwa ushirikina. Mapadri waliliona kuwa ushindani, na nadhani wao ndio waliokuwa karibu na ukweli. Ilikuwa robo karne tangu misheni ianzishwe. Kodi, kazi za lazima na kushushwa hadhi kwa bami vilikuwa vimeivunja ile kalenda ya zamani, na Kanisa, lililokuwa na jibu kwa habari ya roho, halikuwa na jibu kwa habari ya kodi. Zaidi ya hapo, lilionekana limekaa meza moja na mtoza kodi. Binji-Binji alizungumza na pengo hilo. Serikali iliuzima mwendo wake kwa askari ndani ya miezi michache. Njangu, aliyeuchambua baadaye, aliuita ufufuko wa upinzani wa Bashi, na ameweka kidole mahali pake, kwa sababu upinzani wa mikuki ulioshindwa mwaka 1920 ulirudi miaka kumi na moja baadaye ukiwa umevaa ibada.

Tangu hapo Kanisa lilishinda kwa chaki. Kizazi baada ya kizazi cha walimu, makarani na mapadri wa Bushi kilipita katika madarasa ya Nyangezi, hasa mikononi mwa Mafurere Wamaristi, ambao shule yao, Institut Weza, bado inatajwa mkoani kama kipimo. Weza ni jina lililobebwa na bami wa Ngweshe. Wakati wa Mobutu, majina ya kigeni yalipokatazwa na Desemba 1974 shule za dini zilipotaifishwa, shule nyingi nchini ziligeuzwa majina hivyo. Mwaka 1977 makanisa yakarudishiwa usimamizi kwa makubaliano na serikali. Basi kijana wa Kikatoliki anasoma kwa mafurere katika shule yenye jina la mwami. Nani amemmeza nani? Mimi nadhani hakuna aliyemeza.

Wasomi wa Bushi wenyewe walianza mapema kuliuliza swali hilo. Padri Vincent Mulago, mzaliwa wa Bushi, alikuwa mmoja wa mapadri Waafrika waliochapisha kitabu cha pamoja mjini Paris mwaka 1956 wakihoji namna imani inavyoletwa kwao. Baadaye alianzisha kituo cha utafiti wa dini za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Hoja yake kubwa, kwamba uhai unaounganisha walio hai na waliokufa ndio mlango wa kuuelewa umoja wa Kanisa kwa Mushi, Mnyarwanda na Mrundi, inasomwa sasa kama jambo la kawaida, lakini kwa padri aliyelelewa katika katekesi ya kulaani vibanda vya mizimu ilikuwa hatua ya ujasiri. Mei 1976 kituo cha utafiti cha CERUKI cha Bukavu kikaitisha kongamano zima juu ya Lyangombe, na mapadri wakawa miongoni mwa wachangiaji. Yule aliyefukuzwa kwa miaka 70 sasa alikuwa na meza, maikrofoni na kumbukumbu za kongamano zilizochapishwa mwaka 1979.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba utamadunisho umemaliza kazi. Kilichoingia kanisani ni kile kisichosumbua: ngoma, Kimashi, matoleo ya ndizi na maharage yanayobebwa kwa kucheza. Kisichoingia ni mamlaka. Mubande haina nafasi katika kalenda ya liturujia, na mjinji, mtunza siri wa kiti, haitwi kutoa neno. Ndoa inaonyesha hali ilivyo. Familia mbili hukaa kwanza kwa ajili ya mahari, ng'ombe wakahesabiwa na kasiksi, pombe ya ndizi, ikanywewa, mwenyeji akionja kwanza mbele ya wageni ili waone haina sumu. Halafu inakuja ofisi ya serikali, mwishowe altare. Muulize mzee wa Nyangezi ndoa imefungwa lini, atakutajia siku ya ng'ombe.

Mahali ambapo mambo ya zamani na mapya yameshikana kweli ni kwenye shirika. Hivyo ndivyo jimbo la Bukavu linavyoita jumuiya ndogo za Kikristo zilizokua tangu miaka ya 1970, chini ya askofu mkuu Aloys Mulindwa. Shirika hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Injili inasomwa kwa Kimashi, mazungumzo yanahamia Kiswahili akiwepo mtu asiye wa kilima hicho, kisha linakuja jambo ambalo kila mtu analisubiri: nani amelazwa, nani amefiwa, nani ameshindwa karo, kila mtu atoe nini. Hapo mume anayempiga mkewe huitwa na kusemwa, na mpaka wa shamba huamuliwa kabla haujafika kwa chefu. Mwenyekiti wa shirika anaweza kuwa mama asiye na cheo kingine chochote. Ukilitazama kwa macho ya mwaka 1900, utaona baraza la kilima, undugu unaovuka ukoo na deni la kusaidiana, vyote vimeingia chumba kimoja chini ya msalaba. Katekisimu pekee haikuzaa kitu hiki.

Shirika lilipimwa katika miaka ambayo dola lilitoweka. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walifurika na makambi yakaizunguka Bukavu. Oktoba 1996 vita ikaingia. Tarehe 29 askofu mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti na mtoto wa Bushi, aliuawa mjini Bukavu. Siku mbili baadaye Wamaristi wanne Wahispania, Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Fernando de la Fuente na Julio Rodríguez, waliuawa Bugobe, ambako walikuwa wamebaki na wakimbizi wa kambi ya Nyamirangwe. Mrithi wa Munzihirwa, Emmanuel Kataliko, alifukuzwa na waasi hadi Butembo kwa miezi kadhaa mwaka 2000, akafariki Roma Oktoba mwaka huohuo. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na barabara ya Nyangezi ikawa tena barabara ya wanajeshi.

Damu hii imebadilisha maana ya urithi. Kwa kijana wa leo, Kanisa la Bushi si la Roelens, ni la Munzihirwa. Nalielewa badiliko hilo, nalo ni la haki. Lakini lina hatari yake. Kumbukumbu ya mashahidi ina nguvu ya kufunika maswali madogo ambayo hayana shujaa, na katika Nyangezi maswali hayo yanazidi kuwa makali, kwa sababu watu wanaongezeka, migomba inasongamana, na kila hekta ya misheni ina jirani asiye na mahali pa kulima.

Kuyajibu kunahitaji ushahidi, na ushahidi umetawanyika. Kila makao ya Mapadri Weupe yalilazimika kuandika kumbukumbu za siku baada ya siku. Hifadhi kuu ya shirika lao iko Roma. Utafiti wa masimulizi uliofanywa katika miaka ya 1970, wakati bado walikuwepo wazee waliokumbuka mwanzo wa karne, uko katika tasnifu za Lubumbashi, Louvain na Marekani. Monografia ya padri Pierre Colle juu ya Bashi, iliyoandikwa kabla ya Vita vya Pili na kutolewa Bukavu mwaka 1971, haipatikani kirahisi hata kwa mwanafunzi wa Bukavu. Jimbo kuu, sheferi ya Ngweshe na vyuo vikuu vya mji vingeweza kukubaliana jambo moja la vitendo: nakala za vitu hivi ziwekwe Nyangezi kwenyewe, katika Kimashi, Kiswahili na Kifaransa, pamoja na ramani ya hekta za mwanzo na orodha ya familia zilizokuwa juu yake. Parokia itasema orodha hiyo italeta kesi. Kesi zipo tayari, tena nyingine zinaamuliwa kwa panga.